Ua wa Kulea Si Ua wa Kuulia

Huenda baadhi ya ndugu zetu wa Unguja na Pemba wakashangaa kuiona safu hii, ambayo aghalabu huzungumza habari za karafuu, bandari na bei ya mchele, leo imevuka bahari na kupanda hadi Dodoma, ikaingia katika nyika za Manyoni na Kondoa kuzungumza habari za simba na wawindaji. Tunawaomba wavumilie. Jambo lenyewe ni zito, nalo linawahusu wale wanaokaa Dodoma kutunga sheria kama linavyotuhusu sisi tuliozungukwa na maji.

Katika Afrika Kusini imekuwapo kwa miaka mingi biashara ya kufuga simba kwa ajili ya bunduki. Mtoto wa simba huondolewa kwa mama yake angali mchanga, akanyonyeshwa kwa chupa, watalii wakalipa fedha kumpakata na kupigwa naye picha. Akikua hutiwa ndani ya ua ambao hana njia ya kutokea, na mgeni aliyekwisha lipa huletwa hapo ampige risasi, kisha hurudi kwao na ngozi na kichwa akajisifu kuwa ameua mfalme wa mwitu. Dunia iliifahamu habari hiyo mwaka 1997, televisheni ya Uingereza ilipoionyesha. Miaka ilipopita biashara ikanenepa badala ya kukonda, hata ikakadiriwa kwamba simba waliofungwa katika nyua hizo walikuwa baina ya 8,000 na 12,000, katika vituo zaidi ya 300. Nao simba walio huru katika nchi hiyo hawakufika hata nusu ya idadi hiyo.

Serikali ya huko haikukaa kimya. Mwaka 2007 ilitoa kanuni kwamba simba aliyefugwa asiwindwe mpaka awe ameachwa huru kwa miezi 24, akijitafutia chakula mwenyewe. Wafugaji wakaenda mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwakatalia, lakini Novemba 2010 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi, kwa kuona kwamba kile kipindi cha miezi 24 hakikuwa na msingi wa kutosha. Basi milango ikafunguka upya kwa zaidi ya miaka kumi. Ilikuwa hadi Mei 2021 ndipo waziri aliyehusika, Bibi Barbara Creecy, alipopokea ripoti ya jopo la wataalamu na kutangaza nia ya kuikomesha biashara hiyo, na Machi 2024 Baraza la Mawaziri likapitisha sera yenye nia hiyo hiyo.

Yatupasa kuwasikiliza wawindaji wenyewe walivyolipokea jambo hili, kwa sababu hawakusema kwa sauti moja. Mtu asiyelijua jambo hudhani wote wenye bunduki ni kabila moja. Sivyo. Sisi tunaona humo watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni mwenye ua. Huyu alilalamika kwamba mali yake inaporwa, kwamba vibarua wake watakosa kazi, na kwamba kila simba wa kufugwa anayepigwa risasi humwokoa simba mmoja wa porini. Hoja ya kazi si ya kupuuzwa, na tutairudia. Lakini hoja ya kumwokoa simba wa porini haikuthibitika, hata Marekani, ambako wengi wa wateja walitoka, ilikataa Oktoba 2016 kupokea ngozi na vichwa vya simba waliofugwa, kwa kuwa haikuona faida yoyote iliyorudi kwa simba walio huru. Zaidi ya hayo, biashara haikuishia kwenye ngozi. Mifupa ilisafirishwa Asia kwa idhini ya serikali. Mwaka 2017 kiliwekwa kiwango cha mifupa ya simba 800, mwaka uliofuata kikapandishwa hadi 1,500, na mwaka 2019 mahakama ikatamka kwamba viwango hivyo havikuwekwa kwa njia ya halali.

Wa pili ni mwindaji wa kazi, ambaye ameishi kwa kuongoza wageni porini. Huyu, kinyume cha walivyotazamia wengi, aliupinga ua. Novemba 2015 chama cha wawindaji wa Afrika Kusini kilipiga kura kujitenga na uwindaji wa simba wa kufugwa. Miaka miwili baadaye, Novemba 2017, chama hicho hicho kikageuka na kuukubali. Matokeo yake, vyama vya wenzao katika nchi nyingine vikawatenga, na baadhi ya wanachama wakatoka wakaunda chama chao. Mapema mwaka 2018 vyama viwili vikubwa vya wawindaji wa Marekani navyo vikatangaza kuupinga uwindaji huo. Kwa nini? Kwa sababu waliona heshima ya kazi yao inauzwa na jirani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukimsogezea kitu mpaka miguuni, hana tena cha kujivunia.

Wa tatu ni mwindaji wa kijijini, mwenye upinde na mshale. Huyu hakuitwa kwenye mkutano wowote. Naye ndiye, kwa maoni yetu, aliye na neno kubwa kuliko wote, na tutafika kwake.

Sisi tunaupinga uwindaji wa ndani ya ua bila kusita, na hatukuhitaji kungoja wataalamu wa ng'ambo watufundishe. Wengi wetu tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu kabla ya kuingia skuli ya serikali tulifundishwa hukumu mbili tofauti. Mnyama aliye mikononi mwako huchinjwa. Aliye mwituni, usiyeweza kumshika, ndiye huwindwa. Hukumu ya mmoja haihamishiwi kwa mwenziwe, na aliye na mbuzi zizini hana ruhusa ya kumpiga mshale akasema amewinda. Tena imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba aliwakuta vijana wamemfunga kuku wakimlenga shabaha, akawakumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza wanyama wafungwe ili wauawe kwa kulengwa. Kuku yule na simba wa ndani ya ua wana tofauti gani? Waliomfunga kuku walikuwa watoto. Wanaomfunga simba ni watu wazima wenye leseni.

Tunajua watatokea watu wa kutuuliza: Je, nyinyi wa visiwani hamna nyando? Hamzungushi uzio pwani, maji yakitoka mkaokota samaki? Ndiyo, tunao. Lakini samaki wa wando alikuja na maji kwa hiari yake, wala hakuzaliwa ndani ya wando. Na mvuvi humkamata apate kitoweo cha nyumbani na cha kuuza sokoni. Hakuna mvuvi wa Chwaka wala wa Mkoani anayemlea changu kwa chupa ili mgeni aje amchome mkuki apigwe picha. Sheria ya riziki ni nyingine, na sheria ya mchezo ni nyingine.

Wala hatusemi kwamba kila ua ni mbaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, paa nunga wetu walipokuwa wakitoweka, baadhi yao walipelekwa kisiwa cha Chumbe wapate kuzaliana kwa amani. Bahari ndiyo iliyokuwa ua wao. Kule Mkomazi, Tanzania Bara, faru weusi walioletwa kuanzia mwaka 1997 waliwekewa uzio na walinzi ili kizazi chao kisikatike. Huo ni ua wa kulea. Ua wa kuulia ni kitu kingine kabisa, hata kama nguzo na waya ni za aina moja. Atakayeuliza tofauti ni nini, na atazame mlango. Ua wa kulea unamzuia mwenye silaha asiingie. Ua wa kuulia unamzuia mnyama asitoke.

Hapo ndipo tunapopanda Dodoma. Serikali yetu imewafungulia wananchi milango ya kuanzisha mashamba, ranchi na bustani za wanyamapori, na mwaka 2020 zikatoka kanuni za kuuza nyamapori kwenye bucha. Sisi tunaunga mkono nia hiyo. Ni haki ya mwananchi kula na kuuza nyama ya nchi yake kwa njia ya halali. Lakini ua wa kufugia swala leo waweza kuwa ua wa kupigia simba kesho, endapo fedha itanong'ona na sheria ikanyamaza. Hata kule Afrika Kusini hakuna aliyeamka siku moja akasema anaanzisha machinjio ya simba. Mambo yalianza kwa ufugaji, yakaja matembezi ya watalii, na bunduki ikafika mwisho.

Tanzania inahesabiwa kuwa na simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Katika uwanda huu wa kati wamo katika mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na jina la nchi yetu mbele ya wageni limesimama juu ya jambo moja: kwamba mnyama wetu yu huru. Kanuni zetu za mwaka 2010 zilikaza jambo hilo zilipotaka simba wa kuwindwa awe ametimiza walau miaka sita, ili dume asiuawe kabla hajalea kizazi chake. Je, tutakuwa na faida gani kuuza kwa rejareja ndani ya waya heshima tuliyoijenga kwa jumla porini?

Pamoja na hayo, yafaa tukumbushane kwamba marufuku peke yake haijawahi kulinda mnyama. Mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii nchini. Wawindaji wa kigeni na waliokuwa wakiwaongoza walilalamika, wengine wakahamia nchi nyingine, nao wakasema mapori yakiachwa bila watu wa halali yatajaa watu wa haramu. Baadhi yetu wakati ule waliwaona kuwa ni vibaraka wanaolilia mirija yao. Lakini tuseme kweli: katika neno hilo moja hawakukosea. Uwindaji uliporudishwa mwaka 1978 chini ya shirika la umma la TAWICO, jangili alikuwa tayari amekwisha ota mizizi. Tembo wa Selous, waliozidi 100,000 katikati ya miaka ya 1970, walikuwa wamebaki kiasi cha 30,000 ilipofika mwaka 1989, Serikali ilipolazimika kuanzisha Operesheni Uhai na kuwatia majangili adabu.

Wenzetu wa Kenya walipiga marufuku yao Mei 1977 wala hawakuiondoa. Na bado utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanyama wa mbuga zao za malisho walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 katika muda wa miaka ipatayo arobaini. Wawindaji huushika mfano huo kama bendera. Lakini wasiukunje ule unaowahusu wao. Baina ya mwaka 2009 na 2014 uwindaji wa kitalii ulikuwa wazi hapa kwetu, vitalu vimegawiwa, leseni zimelipiwa, na katika miaka hiyo mitano tembo wa Tanzania wakashuka kutoka wapatao 109,000 hadi wapatao 43,000. Kwa hiyo marufuku haikumwokoa tembo wa 1976, wala leseni haikumwokoa tembo wa 2012. Kufuli lisilo na mlinzi ni pambo la mlango, liwe limefungwa au limefunguliwa.

Mlinzi huyo ni nani? Askari wa wanyamapori ni mlinzi, naye anastahili mshahara wa kutosha, viatu na bunduki inayofanya kazi. Lakini askari ni wachache na pori ni pana. Mlinzi wa kila siku ni mwanakijiji, na hapa ndipo tunapomrudia yule mwindaji wa tatu.

Katika nchi ya Wasandawe, pande za Kwa Mtoro na Farkwa, watu waliishi kwa upinde na kuchimba mizizi kabla haijajulikana leseni wala bwana nyama. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, yatuonyesha watu pamoja na twiga na pofu, na uwindaji wa huko ni mkongwe kuliko serikali zote zilizopata kupandisha bendera katika nchi hii. Mwaka 1896 Mjerumani akaja na amri yake ya wanyama, akafuatiwa na Mwingereza mwaka 1921. Chini ya amri hizo tajiri mwenye bunduki alinunua karatasi akaitwa mwindaji, na mwenyeji aliyetoka na mshale kutafuta kitoweo akaitwa mwizi. Uhuru ulikuja, na mwaka 1974 tukatunga sheria yetu wenyewe, na nyingine mwaka 2009. Twaliuliza swali hili kwa unyenyekevu mbele ya wakubwa wetu: je, katika macho ya mzee wa Kwa Mtoro, tofauti imekuwa kubwa kiasi gani?

Mzee huyo akiambiwa kwamba kuna nchi ambako tajiri huletewa simba aliyefungwa ampige, na kwamba ubishi wa kulizuia jambo hilo umedumu zaidi ya miaka kumi mahakamani na maofisini, atashangaa. Yeye akikutwa na mguu wa digidigi, kesi yake haichukui muda huo. Na tembo wakitoka porini usiku wakaumaliza mtama wake, anangoja kifuta jasho kilichowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, akiwa na uzito wa kuandika barua na urefu wa njia ya kufika wilayani. Mtu wa namna hiyo hatamtaja jangili, hata akilala nyumba ya pili.

Nasi wa visiwani tusicheke, maana ya kwetu tunayajua. Wanyamapori si jambo la Muungano. Zanzibar inayo sheria yake ya misitu namba 10 ya mwaka 1996. Wasasi wetu wa Unguja, kwa mbwa na nyavu, wamesasa tangu enzi za mababu, na msako ulikuwa pia shughuli ya kijiji, si ya tumbo tu. Hata hivyo paa nunga, waliokadiriwa kufika 5,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakufika 1,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Miti ilikatwa, msitu ukawa mkaa, na watu wakaingia kusasa bila mpango. Walipozuiwa, wengine walinung'unika. Lakini pale vijiji viliposhirikishwa, kama ilivyofanyika kuzunguka Jozani, baadhi ya wasasi wale wale wakawa walinzi, kwa sababu hakuna aijuaye njia ya paa kuliko aliyemwinda. Hilo ndilo somo tunalotaka kulipeleka bara.

Kwa hiyo basi, tunayo maombi manne kwa Serikali na kwa waheshimiwa Wabunge walioko Dodoma, wakiwamo wale tuliowatuma kutoka huku.

Kwanza, sheria na kanuni za mashamba ya wanyamapori zitamke bila kigugumizi kwamba mnyama aliyezaliwa au kufungwa ndani ya ua hauzwi kwa mchezo wa kuwindwa. Akihitajika kwa nyama, achinjwe kama wanavyochinjwa ng'ombe, mbele ya mkaguzi. Katazo hilo liandikwe kwa sababu zake na kwa vipimo vinavyoweza kutetewa, ili lisije likaanguka mahakamani kama lilivyoanguka la wenzetu mwaka 2010. Katazo lililofumwa ovyo humnufaisha yule yule aliyekatazwa.

Pili, liwekwe sasa, kabla hajatokea mwenye ua wa kulalamika. Tulisema tutairudia hoja ya kazi, na jibu letu ni hili: kibarua huumia pale serikali inapoiacha biashara ikue miaka thelathini ndipo ikumbuke kuifunga. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na huko Afrika Kusini ukuta huo unajengwa juu ya migongo ya vibarua.

Tatu, fedha ya uwindaji wa halali ionekane kijijini kwa macho, kwa madawati, kisima na zahanati, na hesabu zake zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakifahamu. Kifuta jasho kifike mapema, mwenye shamba akiwa bado anakumbuka kilichomtoa jasho.

Nne, wazee wa Kwa Mtoro na wa Manyoni waitwe wanapotungwa kanuni hizi, kama wanavyoitwa wenye vitalu. Mtu aliyeshirikishwa katika katazo hulilinda kama lake.

Na kwa ndugu zetu wasasi wa Unguja tunasema: msidhani habari ya simba wa Afrika Kusini ni ya mbali. Fedha iliyomtia simba ndani ya waya haichagui nchi wala mnyama. Siku atakapotokea mtu kwenu akitaka kuzungushia kipande cha msitu ili wageni waje wajipatie paa nunga wa kulenga, mwulizeni swali moja tu: mlango wa ua wako, Bwana, unamzuia nani?